Shika Wima

Watu wanaoning'inia mita mia mbili juu ya ardhi ya Singida, upepo ukiwapepeta kama pumba, huruka kama ndama wakipakwa jeli ya baridi. Elineema Kingu alilijua hilo siku nyingi. Kila siku ya vipimo aliitumbukiza chupa ya jeli kwenye sufuria ya maji ya moto kabla hajaita jina la kwanza, na wapandaji walimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Kituo cha Tatu kilikuwa chumba kimoja chini ya mnara wa kumi na tisa wa umeme wa upepo. Ndani kulikuwa na kitanda, skrini na kiti cha mpimaji. Nje, chini ya dirisha, benchi la wanaosubiri. Juu ya paa mapanga ya mnara yalizunguka na kivuli chake kikapita ukutani, kikaenda, kikarudi. Zamani kazi ya kuyahudumia mapanga hayo walipewa roboti. Vumbi la Singida likaingia kwenye viungo vyao, wakakwama huko juu kama popo waliokaushwa, na binadamu akaitwa tena na kamba yake.

"Nyoosha mkono, Pili."

Pili, mwanamke mfupi mwenye shingo nene, alinyoosha. Elineema akakisimamisha kichwa cha kipimo juu ya msuli wa mbele, kati ya bega na kiwiko. Alikishika wima kabisa. Kwenye skrini ukatokea msuli mweusi kama udongo uliolowa mvua, wenye nyuzi nyeupe nyembamba, na chini yake mfupa, mstari mweupe uliong'aa kama ukingo wa sahani.

"Dokta, ni wa kiume?"

"Ni msuli, Pili. Na unapiga teke."

"Daraja la kwanza," ikasema sauti ya Msomaji kutoka darini. "Kamba imeruhusiwa."

Msomaji ilikuwa mashine, na haikuwa na utani. Kazi yake ilikuwa kuutazama weusi na weupe wa msuli. Msuli mzima huiacha sauti ya kipimo ipite hadi kwenye mfupa, ndiyo maana huonekana mweusi. Msuli unaokufa hujaa mafuta na makovu. Makovu huirudisha sauti njiani, na skrini huingia ukungu. Msomaji iliweza kuuona ukungu huo miaka mingi kabla mtu hajaangusha hata kikombe. Daraja la kwanza na la pili walipanda. Daraja la tatu na la nne walivuliwa mkanda siku hiyo hiyo na kuandikwa katika Kitabu Cheupe, wao na ndugu zao wa damu, ambao nao walipaswa kupimwa.

Jambo moja tu Msomaji haikuliweza: kushika. Ngozi ya mtu inahitaji mkono wa mtu. Kwa sababu mkono huteleza, sheria iliruhusu picha tatu kwa kila msuli kabla ya kutuma mojawapo.

"Anayefuata: Kingu, Gunda."

Gunda aliingia kabla jina halijamalizika. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mrefu, fulana imekatwa mikono, na mifupa ya makombe ya mabega imemtoka mgongoni kiasi kwamba wenzake walimwita Mabawa. Alilipenda jina hilo. Alikuwa amelichora kwenye kofia yake.

"Haya mdogo wangu, nipake hayo mafuta yako ya kukaangia."

"Kaa chini, Mabawa. Na leo usiimbe, Msomaji anakusikia."

"Akisikia atajifunza kitu."

Msengi, mwenzake wa kamba, alikuwa amebaki kwenye benchi akipiga mluzi wa kuchoka kusubiri. Minarani kila mtu alipanda na mwenzake: wa juu hufunga kulabu juu ya kichwa chake, wa chini huning'inia kwenye kulabu hiyo. Sumaku za jenereta ziliua redio, kwa hiyo tangu enzi za wapandaji wa kwanza watu waliitana kwa mluzi. Miluzi miwili maana yake: umefunga? Miwili ya kujibu: nimefunga. Gunda peke yake ndiye aliyeibadili desturi hiyo. Miaka minne iliyopita aliacha kujibu kwa mluzi na kuanza kujibu kwa shairi:

*Funga kulabu mwenzangu, upepo usitukute,*
*Mkono wako ni wangu, kamba moja tuivute.*

Wenzake walilipenda hata kikosi kizima kikawa kinaliimba, na wageni waliokuja kuitazama minara walisimama chini na kurekodi.

Hii ilikuwa mara ya kwanza Elineema kumpima kaka yake. Kwa miaka miwili alikuwa msaidizi wa Mama Shila, na kila zamu ya Gunda ilipofika, Mama Shila alimwambia, "Nenda kapike chai, mwanangu. Ndugu hapimi ndugu." Sheria haikusema hivyo. Sheria ilikataza tu mpimaji kujipima mwenyewe. Lakini Mama Shila alikuwa ndiye mwalimu, na chai ilipikwa. Sasa alikuwa amestaafu, na kituo kilibaki na mkono mmoja.

Elineema akapaka jeli, akasimamisha kichwa cha kipimo.

Skrini ikawa nyeupe.

Weupe wenyewe ulikuwa wa moshi wa kuni mbichi, umetanda kutoka ngozi hadi karibu na mfupa, na zile nyuzi nyembamba hazikuonekana tena. Mfupa ulikuwa unafifia kwa chini.

"Picha ya kwanza kati ya tatu," Msomaji ikasema. "Tuma au rudia?"

"Rudia," akasema Elineema.

Hakukusudia lililofuata, au baadaye alijiambia hivyo. Kiganja chake kililegea, na kichwa cha kipimo kikalala kidogo, kama digrii kumi hivi, kuelekea kiwiko. Kila mwanafunzi wa kazi hii hufanya kosa hilo wiki ya kwanza, na hupigwa kofi la mkono kwa sababu yake. Ukikilaza, sauti hurudi pembeni, haikifikii kipimo, na skrini hudanganya: huonyesha msuli mweusi, mzuri, wa kijana.

Skrini ikawa nyeusi.

"Ehe, hapo hapo," Gunda akasema kwa furaha. "Mama Shila naye alikuwa anakilaza hivyo hivyo."

* * *

Elineema aliondoa mkono. Alijifuta jeli kwenye shuka taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Alikuwa anakilaza tangu lini?"

Gunda akagundua alichosema. Alitazama dirishani. "Ah. Si muda mrefu."

Elineema hakubishana naye. Alifungua faili la kaka yake. Picha kumi na sita za mkono wa kulia zikajipanga kwenye skrini, miaka minne, zote nyeusi, zote daraja la kwanza. Kwa Msomaji, iliyofundishwa kuutazama msuli tu, zilikuwa picha safi. Elineema akatazama chini ya msuli. Pale ambapo mfupa wa Pili uling'aa kama ukingo wa sahani, wa Gunda ulikuwa doa la kijivu. Haiwezekani. Msuli ukiiacha sauti ipite, mfupa lazima ung'ae. Msuli mweusi juu ya mfupa uliofifia haupo duniani, isipokuwa chini ya kipimo kilicholazwa. Na chini ya kila picha ilikuwapo saini ya mwalimu wake.

"Minne," akasema. "Miaka minne, kaka."

"Alinihurumia. Aliniambia kuna ukungu kidogo tu, nisijali, nipande."

"Wewe ulijali?"

"Nilipanda!" Gunda akasimama. Sauti yake ilijaa chumba. "Nimepanda miaka minne na ugonjwa huo mnaouita ugonjwa. Nani amefunga kulabu nyingi kuliko mimi? Nani alimteremsha Pili siku ya kimbunga? Hicho kioo chako kinasema nini, eti mkono utakufa baada ya miaka miwili, eti baada ya tisa. Hata chenyewe hakijui! Leo niko hapa, nina mkono, nautumia. Unanivua mkanda kwa sababu ya kesho?"

"Kaa chini."

"Unajua mtu akiandikwa kwenye Kitabu Cheupe anakuwa nani? Hafi, la. Wanampa kiti. Wanampisha mlangoni. Kila akipiga simu anaulizwa kama amekula. Sitaki kiti, Elineema! Na mwanangu Siwema je? Ana miaka kumi na minne, amechaguliwa shule ya wapandaji. Wakiniandika mimi wanampima yeye. Unataka mtoto aambiwe leo kitu ambacho labda kitamfika akiwa na miaka arobaini?"

Hilo lilimchoma. Elineema alimpenda Siwema, na alijua kwamba maneno yote ya Gunda yalikuwa ya kweli. Sheria ilitungwa na watu walioogopa mashine zao wenyewe. Haikuuliza mtu anaweza nini, iliuliza ana rangi gani ndani. Kwa nusu dakika, mkono wake ukiwa juu ya kitufe cha kutuma na picha ya pili ikisubiri, nyeusi na nzuri, aliona jinsi ilivyo rahisi. Miezi mitatu tu. Halafu mingine mitatu. Mama Shila hakuwa mtu mbaya.

Nje Msengi akapiga miluzi miwili mifupi, ya kumwita mwenzake. *Umefunga?*

Gunda aligeuza uso.

Elineema akamtazama kaka yake mdomoni.

"Mjibu," akasema.

"Tuko ndani ya chumba. Nimjibu nini?"

"Mjibu kwa mluzi."

"Mimi sipigi mluzi, ninaimba. Kila mtu anajua."

"Zamani ulikuwa unapiga. Ulikuwa unawaita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Piga."

Gunda akacheka, akakunja midomo. Midomo haikukunjika. Upande mmoja ulijaribu, mwingine ukabaki umelala, na kati yake ikatoka pumzi tupu, kama ya mtu anayepuliza chai.

Kivuli cha panga kikapita ukutani.

"Lile shairi," Elineema akasema polepole. "Hukulitunga kwa ajili ya kikosi."

"Nililitunga ili niweze kujibu." Gunda aliketi. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya kawaida. "Siku moja niko juu, Msengi ananiuliza, midomo ikakataa. Nikaimba la kwanza lililonijia. Wakalipenda. Nikasema, basi, Mungu amenipa njia."

"Inua mikono."

"Elineema..."

"Inua, kaka."

Wa kushoto ulikwenda juu hadi sikioni. Wa kulia ulifika usawa wa bega, ukatetemeka, ukaishia hapo, na kombe la bega likachomoza mgongoni chini ya fulana kama bawa la kuku. Ndilo bawa lililompa jina alilolichora kwenye kofia.

Hapo Elineema alimkumbuka baba yao. Mzee Kingu alikuwa akilala macho nusu wazi, na nyumbani walijivunia hilo. Wageni wakichungulia na kushtuka, mama yao aliwaambia, kwa Kingu hatulali, tunalinda. Mzee alipozeeka akashindwa kujivika kofia, watu wakasema minara imemla. Gunda naye hulala vivyo hivyo. Watoto wa ukoo husimuliana kama sifa. Vitu vitatu walivyotembea navyo kifua mbele, macho, mabawa na shairi, vilikuwa ugonjwa mmoja, na hakuna aliyeuliza kwa sababu kila kimoja kilipendeza.

"Unamfunga Msengi kwa mkono gani?" akauliza.

Gunda alishusha mikono.

"Kulabu iko juu ya kichwa. Unamfunga kwa mkono gani?"

"Kwa wa kushoto. Nikiwa nimejiegemeza."

"Na wa kushoto ukichoka?"

"Haujachoka."

"Msengi anajua?"

Nje mluzi ukalia tena, mara mbili, wenye utani, wa mtu asiyejua kitu.

"Siwezi kukuamulia habari ya Siwema," Elineema akasema. "Labda sheria ni ya kijinga. Naona ni ya kijinga. Lakini Msengi ananing'inia kwenye mkono huo akidhani ni mzima, na aliyemwambia ni mzima ni sisi. Imebaki picha moja. Mkono ni wako. Ukitoka nao nitaandika umekataa, na sitakudai sababu."

Gunda aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, kama mtu anayetazama mnyama aliyemfuga mwenyewe. Kisha akaulaza kitandani, kiganja juu.

Elineema akapaka jeli. Ilikuwa bado ya moto. Akashika wima.

"Daraja la tatu," ikasema Msomaji. "Kamba imesitishwa. Taja ndugu wa damu."

Palikuwa na kisanduku cha maelezo ya mpimaji, ambacho hakuna aliyekuwa akikijaza. Elineema akakijaza. Aliandika kwamba picha kumi na sita za nyuma zilipigwa kipimo kikiwa kimelazwa na zisitumike. Aliandika kwamba mpimwa ni mpandaji mwenye ujuzi mkubwa, miguu yake mizima, apewe kazi ya kufundisha chini ya mnara, asipewe kiti. Aliandika kwamba watoto wa ukoo wasipimwe kabla hawajafikia umri wa kukubali wenyewe, na kama kuna anayeona vingine aje Kituo cha Tatu amweleze yeye kwa mdomo. Hakujua kama kuna mtu angesoma.

Halafu kwenye nafasi ya ndugu wa damu akaandika jina moja, la mtu mzima.

* * *

Desturi ya wapandaji ni kwamba kulabu ya mtu haivuliwi na mwingine. Gunda aliifungua kiunoni mwenyewe, akatoka nayo. Elineema hakumfuata, lakini dirisha lilikuwa wazi na benchi lilikuwa chini yake.

"Umechelewa, Mabawa," alisema Msengi. "Nilidhani umezaa."

Gunda akamnyooshea kulabu.

Msengi akaitazama, akamtazama mwenzake, akacheka kidogo, akaacha. Kisha akapiga miluzi miwili.

Gunda angeweza kuimba. Alikunja midomo mbele ya rafiki yake, kweupe, akapuliza. Ikatoka pumzi.

Msengi akaegemea ukuta wa kituo.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Mnara wa kumi na saba? Ile siku niliyokuuliza mara tatu ukanijibu kwa beti zote?"

"Nilikuwa sijafunga. Nilikuwa nabadili mkono. Nikaimba mpaka nikafunga."

"Mimi nikawa naitikia!" Msengi alisimama. "Naitikia kama mpumbavu, nikining'inia hewani, *kamba moja tuivute!* Nina watoto, Gunda."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniambia. Ningekufunga mimi. Ningepanda juu mimi, wewe ukae chini, tungepanda hivyo hadi uchoke. Hukuniuliza!"

Msengi aliichukua kulabu, akaigeuzageuza, akaivaa kiunoni upande wa pili wa ile yake. Akaingia ndani, akaketi kitandani, akanyoosha mkono bila kuambiwa.

"Shika wima, dokta," akasema.

Elineema akashika wima. Msuli mweusi, nyuzi nyembamba, mfupa unang'aa.

"Daraja la kwanza. Kamba imeruhusiwa. Anayefuata: Kingu, Elineema."

Msengi, aliyekuwa akijifuta jeli, akasimama mlangoni. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Niitie kaka yangu."

Gunda alirudi, macho mekundu, kofia mkononi. Elineema alikuwa amekwisha kupanda kitandani na kukunja mkono wa gauni. Alimpa kichwa cha kipimo.

"Mpimaji hajipimi," akasema. "Msomaji haiulizi mkono unaoshika ni wa nani. Usiuinue, uegemeze hapa kwenye godoro. Hivyo."

"Mimi sijui kazi hii."

"Unaijua. Umeitazama miaka minne. Wima, kama kamba yenye mzigo."

"Mumeo anasema nini siku hizi?" Gunda akauliza ghafla, akiwa amekishikilia kipimo hewani. "Bado analalamika kwamba unamtazama usiku kucha nawe umelala?"

"Bado."

Hakuna aliyecheka. Gunda akakishusha kipimo kwenye jeli. Skrini ilikuwa nyuma ya kichwa cha Elineema, hakuweza kuiona. Aliona uso wa kaka yake tu, ule uso usiojua tena kukunja midomo, ukiangazwa na kitu. Mwanga ulikuwa mwingi.

Kisha akahisi kichwa cha kipimo kinaanza kulala, polepole, kwa upendo, kuelekea kiwiko.

"Wima, kaka," akasema.

Kikasimama.